Damu Ndani ya Jicho la Mpaka Piko

Akiwa kazini hakutaka mtu amguse bega. Hata mama wa bibi harusi, mwenye shughuli yake na nyumba yake, akimsogelea kwa nyuma kutazama maua yamefika wapi, yeye alikuwa akisimamisha mkono hewani, kimya, mpaka yule mama arudi mkekani kwake. Kisha mkono hushuka pale pale ulipoachia, na mstari ukaendelea usionyeshe hata alama ya kuungwa. Sisi tulioishi naye nyumba moja tulimwita Mpaka Piko, na Mji wa Kale wote ulimwita hivyo. Jina la cheti nadhani alilitumia akienda ofisi za serikali tu.

Piko ni ule wino mweusi wa harusi, unaozungushwa kwenye hina nyekundu ili ua lipate ukingo. Hina kila mwanamke wa kwetu aweza kujipaka. Piko hapana. Likiteleza limeteleza, na bibi harusi atakaa na kosa lako mkononi mwezi mzima, watu wakimshika mkono na kumpongeza huku wakilitazama. Wengine siku hizi hutumia koni za dukani. Yeye alichovya njiti ya ukuti aliyoichonga mwenyewe, nyembamba kama mguu wa panzi, na kwa njiti ile aliandika majani, mashina na vikonyo ambavyo mimi, binti wa miaka kumi na kitu, niliweza kuvihesabu kwa kuinamia tu. Yeye hakuinama. Alikaa ameunyosha mgongo, mkono wa mwali ukiwa juu ya mto mapajani mwake, na macho yake yakafanya kazi kutoka kule juu.

Macho yale yalikuwa mali ya nyumba nzima. Wanawake wa ghorofa zote waliteremka na sindano zao awatungie uzi, na alitunga bila kuulamba. Siku za kutafuta mwezi wa Ramadhani tulipanda naye darini, sisi watoto tukibishana huku na huku, naye akinyosha kidole mara moja tu, "Ule pale, juu kidogo ya ule mnara," na ilitubidi tuhangaike kwanza ndipo tuuone, uzi mweupe kwenye anga bado ya bluu. Wanaume walipotoka msikitini kutangaza, sisi tulikuwa tumekwisha kuteremka kumwambia kila mtu.

Mlango wake ulikuwa kwenye ngazi. Sisi tulikaa juu yake, kwa hiyo hatukuweza kwenda wala kurudi bila kupita kwake, na mlango ulikaa wazi tangu asubuhi hadi magharibi.

"Nani huyo apitaye kama mwizi?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Rudi nyuma, uje tena vizuri."

Na nilirudi, nikapanda tena, nikapiga hodi, nikauliza hali yake na ya Maimuna, binti yake wa pekee, na ya mguu wake, ndipo nikaruhusiwa kwenda kwetu kula. Hata nilipokwisha kuajiriwa ukarani kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, nikaolewa na kuhamia Ganjoni, kila nilipokuja kumtazama mama yangu nilirudi kuwa yule mtoto wa ngazini.

Alikuwa na maneno yake. "Uzuri wa mstari ni pale unapokoma," alipenda kusema, na maana yake ilikuwa kazi, ingawa aliwaambia hivyo pia wageni waliokaa sana. Mwali akilia kwa hofu ya kuolewa alimwambia, "Lia na jicho moja, mkono wako unatikisika." Na bibi harusi hucheka.

Alijua siri za nyumba nyingi. Mtu akikaa saa nyingi ameshika mkono wa msichana siku moja kabla ya ndoa, huambiwa mengi. Sikuwahi kumsikia akitoa hata moja. Lakini mambo yasiyo siri aliyatangaza bila huruma: nani amenenepa, nani pilau lake liliungua, mtoto wa nani ana kikohozi na hapelekwi hospitali. Hili la hospitali ndilo lililokuwa dini yake ndogo. Mamangu alipopata uvimbe shingoni, Mpaka Piko ndiye aliyepanda ngazi kila asubuhi kumuuliza, "Bado hujenda?" mpaka mama akaenda ili aachwe apumzike tu.

Ndiyo maana hata leo, nikikumbuka tulichokuja kukijua, nahisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo.

Chai aliinywa bila sukari. Tulimwuliza, akasema sukari huoza meno, na kwa kuwa meno yake yalikuwa mazuri tulimwamini. Maji alikunywa mengi. Alisema ni joto la kukaa na makaa ya udi. Mguu wake ulikuwa na ganzi; alisema ni kukaa mkekani. Kila kitu kilikuwa na sababu yake, na kila sababu ilikuwa ya kweli kiasi. Lakini kwenye harusi halwa ikipitishwa, alichukua. Alimega kipande kikubwa, akala mbele ya watu, akalamba vidole, akasifu iliki yake. Nilidhani ni ulafi mdogo wa mtu mkavu. Kumbe alikuwa akila ili asionekane akikataa.

Siku yenyewe ilikuwa ya harusi ya binamu yangu, huko Bondeni. Adhuhuri ilikuwa imekwisha kuswaliwa na chumba kilikuwa cheupe kwa mwanga, kwa sababu yeye alitaka dirisha wazi wakati wa piko. Tulikuwa wanawake kama kumi, tumekaa ovyo, tunakula na kusemana. Mkono wa kushoto wa bibi harusi ulikuwa umekwisha na kukauka. Wa kulia ulikuwa umefika kwenye kifundo.

Nikamwona amesimamisha mkono. Nikatazama kama kuna mtu nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Akachukua pamba, akaichovya kwenye maji ya ndimu, akapangusa kifundo cha binamu yangu. Akatazama. Akapangusa tena.

"Nani amedondosha piko hapa?"

"Hapana kitu hapo, mama," binamu yangu akasema.

"Mstari wote huu huuoni?" Akasugua. Akasugua ngozi tupu, safi, mpaka ikawa nyekundu, na binamu yangu akavuta mkono wake akisema, "Mama, waniumiza!"

Mpaka Piko akainua uso akautazama ukuta mbele yake, ukuta mweupe usiokuwa na picha wala msumari, nami nikaliona jicho lake likifuata kitu. Kilikwenda juu, kikashuka polepole. Akageuza kichwa, nacho kikaonekana kumfuata.

"Kuna utando wa buibui humu," akasema. Kisha, kwa sauti ya mtu anayejitahidi kuwa na hasira ya kawaida, "Fungeni dirisha basi. Moshi waingia."

Hapakuwa na moshi. Mtu akafunga dirisha kwa adabu tu.

"Ndoo," akaniita, njoo kwa Kimvita chake. Nilikwenda nikapiga magoti mbele yake. Yule mwanamke asiyetaka kuguswa alinishika bega, akanivuta mpaka nikahisi pumzi yake. "Nitizame. Jicho langu la kushoto lina nini?"

Nililitazama. Naapa nililitazama kama nisomavyo hati ya mzigo. Weupe wake ulikuwa mweupe. Mboni ilikuwa nyeusi, tulivu. Wanja ulikuwa umepakwa vizuri, bila kuvuja. Halikuwa jekundu, halikutoa machozi.

"Halina kitu, mama. Ni zima."

"Basi mbona sikuoni nalo?"

Shangazi wa bibi harusi alisema papo hapo kwamba ni husuda. Macho mazuri namna ile hayakosi mtu wa kuyapiga jicho. Mwingine akataka ubani. Maimuna, aliyekuwa jikoni akisaidia, aliitwa akaja mbio na mikono yake ina unga. Akataka tuondoke saa ile ile. Mama yake akakataa kuiacha kazi.

"Siwati mkono wa bibi harusi nusu," akasema.

Akachukua pembe ya leso yake, akalifunika jicho la kushoto, akaifunga nyuma ya kichwa. Akachovya njiti. Kwa jicho moja akaumaliza mkono wa binamu yangu, jani kwa jani. Nilitafuta kosa katika mistari ile, nikiomba Mungu nilione, maana lingekuwa jambo la kueleweka. Sikuliona. Mkono wa kulia ulikuwa sawa na wa kushoto. Nilipata baridi mwilini, na ilikuwa mchana wa Mombasa.

Tulimpakia kwenye tuktuk, mimi na Maimuna kila mmoja upande wake, tukampeleka hospitali. Muuguzi alimtoboa kidole kabla hata ya kuuliza habari za jicho. Akaisoma mashine, akaitikisa, akamtoboa kidole kingine. Kisha akavuta kiti, akakaa.

"Mama, sukari unayo tangu lini?"

"Mama hana sukari," Maimuna akajibu.

Mpaka Piko alikuwa ametazama mlango. "Tangu wewe hujaolewa," akamwambia binti yake.

Wakati huo Maimuna alikuwa na mtoto anayesoma sekondari.

Sitasahau uso wa Maimuna. Miaka yote hiyo alimpikia mama yake, akamfulia, akalala naye chumba kimoja mume wake alipokuwa safarini, na vidonge vilikuwa kwenye mkebe wa hina, chini ya unga, ndani ya mfuko wa plastiki. Mama yake alivinywa alipojihisi vibaya. Alipojihisi vizuri aliviacha. Kliniki alikwenda mara ya kwanza na ya pili, ng'ambo ya kivuko, Likoni, ili asikutane na mtu wa mjini. Kisha akaacha, kwa kuwa hakuwa na maumivu.

"Lakini kwa nini?" Maimuna akauliza hatimaye. "Ungeniambia mimi."

"Ningekwambia wewe, ungeniangalia kama uniangaliavyo sasa. Na nani angeniita nyumbani kwake kumshika mwali mkono? Wangesema, mgonjwa huyo, mtafuteni mwengine, harusi ni jambo la heri."

Tulipelekwa hospitali ya macho siku iliyofuata. Daktari alikuwa mwanamke kijana, kwa matamshi yake mtu wa bara, lakini alisalimia kwa utaratibu wote wa pwani, akamwita mama, na nikaona Mpaka Piko amelegea kidogo. Alimtia matone ya kupanua mboni, tukangoja, kisha akamweka kidevu kwenye mashine. Jicho la kushoto lilikuwa giza. Mashine haikuona kitu nyuma ya damu iliyolijaa. Akapiga picha ya la kulia, akatuonyesha kwenye kompyuta.

Sijui nilitarajia nini. Niliona duara la rangi ya machungwa, kubwa kama sahani, na mishipa myekundu ikitawanyika kutoka sehemu moja kama mto na vijito vyake. Ilikuwa picha nzuri mpaka alipotuonyesha ya kutazama. Madoa madogo ya damu yametapakaa kila mahali. Mabaka ya manjano, ambayo alisema ni mafuta yaliyovuja. Na kando, mahali ambapo hapakupasa kuwa na kitu, kulikuwa na kishada cha mishipa myembamba iliyojisokota kama nywele zilizobaki kwenye kitana.

"Mama, sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu kuta za mishipa midogo kuliko yote," daktari alisema. "Na midogo kuliko yote iko hapa nyuma ya jicho. Mingine huvuja. Mingine huziba kabisa, damu haipiti, na sehemu ile ya jicho inakaa na njaa. Jicho lenye njaa huita damu. Basi linaotesha mishipa mipya, haraka haraka, lakini ni dhaifu. Haina nguvu ya kubeba damu. Siku moja unainama, au hufanyi lolote, unapasuka mmoja. Hicho ndicho kilichotokea kushoto. Ulichokiona ni damu yako mwenyewe, inaelea ndani ya jicho."

Mpaka Piko hakuijibu damu. Alikuwa akiitazama picha ya jicho la kulia, na nina hakika aliiona vizuri kuliko sisi.

"Hili si ndilo ninaloonea?"

"Ndilo, mama."

"Natunga uzi kwa hili."

"Najua. Pale katikati, pa kuonea vitu vidogo, bado pamesalimika. Ndiyo maana hukujua. Ugonjwa huu hauumi, na unaweza kufika hapa ulipofika wewe bado unasoma maandishi madogo kuliko yote ukutani."

Nilikuwa nikiwaza ule mkono wa kulia wa binamu yangu. Lile jicho lililouandika bila kosa lilikuwa limejaa mambo haya.

Daktari akasema jicho la kulia litiwe miale ya leza, na upesi. Miale ingechoma zile sehemu zenye njaa kandokando, ziache kuita damu, na mishipa mibovu inyauke. Angepoteza kidogo pembeni, na gizani angeona kwa shida, lakini katikati pangebaki.

"Ngoja nikuelewe, mwanangu," Mpaka Piko akasema. "Jicho bovu mwaliwata. Lililo zima ndilo mwalitia moto?"

"Lile la kushoto tunangoja damu itulie, mama. Hili likipasuka, utakuwa huna..."

"Nimekuelewa." Akasimama, akajitanda buibui. "Ahsante sana. Mungu akuzidishie."

Hatukuweza kumrudisha. Maimuna alilia kwenye tuktuk njia nzima. Mama yake alimwambia alie na jicho moja, na safari hii hakuna aliyecheka.

Alikaa nyumbani wiki nyingi. Vidonge alivinywa sasa, kwa kuwa Maimuna alisimama mbele yake mpaka avimeze. Lakini harusi alizikataa kwa visingizio, na neno lilikuwa limekwisha kuzunguka mji. Kuna waliomtumia salamu na matunda, na kuna waliovuka upande wa pili wa njia. Mimi nilipanda kila Ijumaa. Mlango ulikuwa umefungwa. Nilibisha, akanifungulia, na hakunirudisha ngazini nije tena vizuri; hilo lilinitisha kuliko leso aliyoifunga jichoni.

Nilijaribu kumsemesha juu ya leza mara moja tu. "Mtu akija na moto nyumbani kwako," akaniambia, "ukamwonyesha chumba kilichokwisha kuungua, akasema hapana, nipeleke kile unacholala, utampeleka?" Nilisema tu kwamba naogopa. Akasema, "Hata mimi."

Kisha siku moja asubuhi simu yangu ililia niko ofisini. Alikuwa yeye. Hakuwahi kunipigia mwenyewe. Siku zote Maimuna ndiye hunipigia kwa niaba yake.

"Ndoo."

"Kuna nini, mama?"

"Natazama ukuta. Kuna uzi."

"Jicho lipi?"

Nikamsikia akipumua.

"Lile ninaloonea."

Sikumbuki nilimwambiaje bosi wangu. Nakumbuka kwamba nilimkuta ameketi wima kitandani, kichwa hakitikisiki hata chembe, kama mtu aliyetwikwa bakuli lililojaa pomoni, na Maimuna anamvalisha viatu. Tulimteremsha ngazi hivyo hivyo. Kwenye tuktuk alimwambia kijana aendeshe polepole, na kila tulipokaribia tuta alifumba macho na kunikamata mkono. Ulikuwa uzi mmoja tu. Mshipa mmoja ulikuwa umeanza kuvuja.

Yule daktari hakumwambia "nilikuambia". Alimtia matone, akamfanyia leza siku ile ile, na nyingine baadaye, na sindano pia, ndani ya jicho lenyewe, jambo ambalo hata sasa siwezi kulisimulia nikiwa ninakula. Nilimwuliza Mpaka Piko ilikuwaje. Alisema mwanga ulikuwa kijani, unapiga kama radi bila sauti, na kwamba muda wote alikuwa akisoma Ayatul Kursiy na kila alipofika katikati radi ilimfanya asahau, akaanza upya.

Jicho la kulia likabaki. La kushoto lilifanyiwa upasuaji kuitoa ile damu, lakini kulikuwa na kovu lililokwisha kulivuta pazia la nyuma ya jicho likabanduka. Lilibakia kujua mchana na usiku, basi.

Piko hakuandika tena. Angeweza, nadhani, mchana, taratibu. Lakini alisema hatashika mkono wa mwali akiwa na hofu. Alianza kuchunga unga wa hina na kuukanda nyumbani, Maimuna akiipeleka kwa wenye harusi, na ulimi wake ukarudi. Nilijua amepona siku niliyopita mlangoni akauliza nani apitaye kama mwizi.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia tulikutana Marikiti, karibu na mfungo. Mamangu alikuwa amekwisha kuhamia kwangu Ganjoni, kwa hiyo tulikuwa hatujaonana kitambo. Nilimwona mbele ya vibanda vya viungo, Maimuna yuko kushoto kwake. Nikamsogelea kwa upande wa kulia, nikasema shikamoo. Hakuitikia. Nikasema tena, nikadhani ana kinyongo nami. Maimuna akamgusa, naye akageuka na mwili mzima, na hapo nikakumbuka kwamba pembeni hakuna kitu.

Akanishika kidevu akanisogeza mbele ya jicho lake. "Ala! Ni wewe. Mbona umekonda?"

Mwanamke wa Mombasa akiambiwa amekonda hujua la kujibu: kazi, watoto, joto. Nilikuwa nimekwisha kuwajibu hivyo wengi. Lakini kwake sikuweza. Nilimwambia kwamba mwaka uliopita nilipimwa kazini, nikakutwa na sukari. Alikuwa mtu wa tatu kujua, baada ya mume wangu na mama.

Hakusema pole. "Wameza dawa?"

"Nameza."

"Na macho?"

"Macho yangu mazima, mama. Alhamdulillahi. Nasoma hati za mizigo kutwa bila miwani."

Nilisikia nilichokisema baada ya kwisha kukisema. Yeye aliniangalia na lile jicho moja, na uso wake ukabadilika kama siku ile alipoutazama ukuta mtupu wa Bondeni. Akatia mkono kwenye mkono wangu, akaufumbata, akaanza kwenda.

"Mama, wapi?"

"Wajua wapi."

"Leo? Nina samaki hapa kikapuni. Wataoza."

"Na waoze."

Nilimtazama Maimuna anisaidie. Maimuna alikichukua kile kikapu akaelekea nacho upande wa pili.

Kwa hiyo niliwekwa kidevu kwenye mashine ile ile. Yule daktari alikuwapo bado, amenenepa kidogo. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akarudi kulia akakaa huko muda mrefu, na mimi nilisikia Mpaka Piko nyuma yangu akiacha kutikisa tasbihi. Kisha daktari akanionyesha picha. Duara la machungwa, mto na vijito vyake. Na madoa. Machache, madogo, kama mtu aliyechovya njiti akaigusisha hapa na pale. Hayo ndiyo mwanzo, akasema. Hayahitaji leza, yanahitaji sukari ishuke, presha ishuke, na nirudi kila atakaponiita, nikiona vizuri, nikiona vibaya.

Sikuwa nimehisi kitu. Asubuhi ile ile nilikuwa nimesoma namba za kontena kutoka ng'ambo ya meza.

Tulipotoka nje jua lilinipiga kama maji. Kwa yale matone dunia yote ilikuwa nyeupe. Sikuona njia wala magari, nilisikia honi tu na mtu akiuza maji. Nilisimama ukingoni nikiwa nimefunika uso kwa viganja, siwezi kuinua mguu.

"Inama chini, usitazame juu," Mpaka Piko akasema. Akanishika bega. Akageuza kichwa chote kulia, akakigeuza chote kushoto, akakirudisha kulia.

"Haya," akasema, "sasa," na akanivusha.